Koo Linalouma na Moyo Unaoharibika

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani, tabibu mstaafu, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Kang'ata)



Kamati iliponiandikia ilitaka nizungumze juu ya maendeleo ya tiba. Nimelitazama jambo hilo nikaona ni pana mno, laweza kutuweka hapa mpaka jua litue na bado tusifike popote. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nichague kitu kimoja kidogo ambacho hakuna hata mmoja wetu asiyewahi kukiugua, nacho ni koo.

Nimefanya kazi ya utabibu miaka mingi katika wilaya za Handeni na Korogwe. Nimewaona wagonjwa wa malaria, wa kuhara, wa kuumwa na nyoka, wa ajali za pikipiki, na wale vijana wa machimbo ya dhahabu ya Magambazi hapa jirani wanaofukiwa na udongo. Lakini kama kuna ugonjwa niliouona ukidharauliwa kupita kiasi, ni maumivu ya koo. Mwanafunzi huona haya kumwomba mwalimu ruhusa kwa sababu ya koo, kwa kuwa wenzake watamcheka. Mzazi naye husema, "Kunywa chai ya tangawizi, itapoa." Na mara nyingi, niseme kweli, inapoa. Hapo ndipo penye hatari yenyewe: ugonjwa unaopoa wenyewe mara nyingi hutufundisha kutouogopa hata siku ile ambayo tungepaswa kuuogopa.

Koo huugua kwa sababu nyingi. Liko koo la vumbi, ambalo wachimbaji na wapiga kokoto wanalijua, na ambalo halina kijidudu chochote. Liko koo la mafua, linaloletwa na virusi. Virusi ni vidogo mno na penisilini haiviwezi hata ukimeza kopo zima. Halafu liko koo la bakteria, na bakteria mkuu katika habari hii anaitwa streptokoka wa kundi A. Jina la kundi hilo lilitokana na kazi ya mama mmoja wa Marekani, Rebecca Lancefield, ambaye katika miaka ya 1930 aliwagawa streptokoka katika makundi kwa kufuata herufi. Ukimtazama kwa hadubini anaonekana kama shanga zilizotungwa katika uzi. Ni kijidudu cha zamani katika historia ya utabibu. Homa ya uzazi iliyokuwa ikiwaua akina mama waliojifungua katika hospitali za Ulaya, ambayo Dakta Semmelweis wa Vienna aliipunguza mwaka 1847 kwa kuwaamuru madaktari wanawe mikono, sehemu kubwa ilikuwa kazi ya kijidudu huyu huyu.

Kwa watoto na vijana wa umri wa shule wenye koo linalouma, katika kila 100 kiasi cha 20 hadi 30 ndio wenye streptokoka. Kwa watu wazima ni 5 hadi 15. Maana yake ni kwamba wengi wenu mnapougua koo hamhitaji sindano wala vidonge vya kuua bakteria. Nalisema hili mapema ili mtu asitoke hapa akakimbilia duka la dawa. Kazi ya tabibu ni kuwatafuta wale 20 au 30 katikati ya wale 100, na kazi hiyo si ngumu sana kama mtu atakubali kufungua kinywa na mwingine atakubali kutazama.

Mwaka 1981 Dakta Robert Centor na wenzake huko Marekani walitoa dalili nne za kutazamwa, na mpaka leo tunazitumia. Kwanza, je, mgonjwa ana homa? Pili, je, hakohoi? Hii ya pili huwashangaza watu, maana wengi hudhani kikohozi ni alama ya koo bovu zaidi. Ni kinyume. Mwenye kukohoa, kupiga chafya na kutokwa makamasi huelekea kuwa na virusi. Streptokoka huja kwa ghafla, humpa mtu homa, kichwa, pengine kutapika kwa mtoto mdogo, na maumivu makali wakati wa kumeza, lakini pua huwa kavu. Tatu, je, zile tezi zilizo mbele ya shingo, chini ya taya, zimevimba na zinauma zikibonyezwa? Nne, je, mafindofindo yamevimba na yana usaha au utando mweupe juu yake? Mtu mwenye dalili zote nne, hasa akiwa mtoto au kijana, hana sababu ya kukaa nyumbani. Mwenye moja au asiye nayo hata moja, apewe maji ya vuguvugu yenye chumvi asukutue, parasetamoli, apumzike, na aangaliwe.

Katika hospitali kubwa tunaweza kupangusa koo kwa pamba na kuotesha vijidudu katika maabara, jibu likapatikana baada ya siku moja au mbili. Katika zahanati nyingi za vijijini kipimo hicho hakipo. Zipo tochi, mpini wa kijiko, na vidole vya tabibu. Navyo vinatosha kwa kazi nyingi, ila lazima vitumike. Nimewahi kuona daftari la wagonjwa la mwezi mzima ambamo neno "koo" halikuandikwa hata mara moja, lakini "malaria" ilijaa tangu juu mpaka chini ya kila ukurasa.

Hapa niseme kidogo juu ya malaria, maana ndiyo iliyotufunga macho. Sisi watu wa Tanga tumekulia katika malaria, na kwa miaka mingi kila homa iliitwa malaria mpaka ithibitike vingine, nayo haikuwa ikithibitika kwa kuwa hakuna aliyepima. Mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania. Watu 4,474 waliolazwa wakiwa mahututi na kutibiwa malaria walipimwa damu kwa uangalifu, na waliokutwa na vijidudu vya malaria hawakufika nusu. Sasa tuna kipimo cha haraka hata katika zahanati ndogo, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, kazi haijaisha, ndiyo kwanza imeanza. Mwenye homa asiye na malaria afunguliwe kinywa.

Ndugu Mwenyekiti, siwezi kuzungumza habari za koo mbele ya Wazigua wenzangu nikaruka habari ya kimeo. Wazee, mnisamehe, nitasema kwa heshima.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, na huku kwetu pia, mtoto akikohoa muda mrefu, au asiponyonya vizuri, au akitapika, watu husema kimeo kimerefuka na kinamtekenya koo, hivyo hupelekwa kwa mkata vimeo. Si desturi ya kabila moja wala ya watu wasiosoma tu. Mwaka 1984 Dakta J. J. Manni aliiandika katika jarida la kitabibu kuwa ni upasuaji wa kienyeji wa Tanzania, na inajulikana katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Wazee waliobuni jambo hili hawakuwa wajinga. Walitazama kinywani, jambo ambalo matabibu wengine hawalifanyi, wakaona kimeo chekundu kilichovimba. Walichoona ni kweli. Koo likishambuliwa na vijidudu, kimeo nacho huvimba pamoja na sehemu nyingine. Ila kimeo hakikuleta ugonjwa, nacho kiliugua, na koo likipona hurudi kama kilivyokuwa. Kukikata ni sawa na kumwadhibu jirani kwa sababu nyumba yake nayo imeungua.

Nimewapokea watoto waliokatwa vimeo. Wapo waliotokwa damu usiku kucha wakiimeza, mama asijue mpaka mtoto alipolegea. Kisu kinachopita katika koo moja hadi jingine chaweza kubeba pepopunda, virusi vya UKIMWI, na usaha. Lakini hata pale ambapo hakuna baya lolote lililotokea, na watoto wengi hupona kidonda, bado kuna hasara ambayo haionekani: zile siku ambazo mtoto alipaswa kupewa penisilini zimepita huku familia ikingojea kidonda cha kimeo kipoe. Na siku hizo, kama nitakavyoeleza, zinahesabika.

Sasa nifike kwenye moyo.

Lugha yetu ina neno zuri, baridi yabisi, kwa maumivu ya viungo. Wazee wenye magoti mabovu hulitumia kila siku. Lakini ipo homa ya baridi yabisi ambayo si ya wazee. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na huja kiasi cha wiki mbili au tatu baada ya koo la streptokoka, wakati ambapo koo limekwisha kupona na kusahauliwa. Jinsi inavyokuja ni hivi. Mwili ukishambuliwa hutengeneza askari wa kinga, na askari hawa hufundishwa sura ya adui ili wamtambue popote. Bahati mbaya, baadhi ya sehemu za streptokoka zimefanana na sehemu za nyama ya moyo na za viungo vyetu. Askari wakikwisha kummaliza adui kooni huendelea na doria, wakafika moyoni, wakaona sura ile ile, wakafyatua risasi. Siyo kijidudu anayeula moyo, ni jeshi letu wenyewe.

Mgonjwa hupata homa tena. Goti huvimba na kuuma, kesho goti limepoa na kifundo cha mguu ndicho kimevimba, keshokutwa kiwiko. Maumivu yanahama. Kwa wengine, pengine miezi kadhaa baadaye, mikono na uso huanza kuchezacheza bila hiari, mtoto akaangusha kikombe, mwandiko wake ukaharibika, akachekacheka na kulia bila sababu. Mnaweza kudhani wenyewe mtoto wa namna hiyo hupelekwa wapi kwanza. Hupelekwa kupungwa. Baada ya wiki chache viungo vinapoa kabisa, na mganga aliyetibu anapewa kuku wake, kwa kuwa dawa imefanya kazi. Viungo hupona. Moyo ndio unaobaki na makovu. Ndani ya moyo kuna milango minne midogo, tunaiita vali, inayofunguka na kufunga kila moyo unapopiga ili damu isirudi ilikotoka. Makovu huifanya milango hiyo isifunguke vizuri au isifunge. Koo likirudi mara ya pili na ya tatu, kila mara jeshi linafyatua tena, na kila mara kovu linaongezeka.

Nimwelezee kijana mmoja, ambaye jina lake, kijiji chake na shule yake nitavihifadhi. Alikuwa kidato cha pili na alikuwa akicheza mpira upande wa kushoto, hodari kweli kweli. Mama yake alimleta kwangu kwa kikohozi cha usiku. Alikuwa hawezi kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Miguu imevimba. Nilipoweka chombo kifuani sikusikia ile "tup-tap, tup-tap" ya moyo mzima, nilisikia mvumo kama upepo unaopita chini ya mlango. Nikawauliza habari za nyuma. Mama akakumbuka kwamba miaka miwili kabla ya hapo kijana alikuwa akiugua koo mara kwa mara, naye alikuwa akijinunulia vidonge vya rangi mbili, vinne, akimeza viwili leo na viwili kesho, akiona koo limepoa anakwenda mpirani. Halafu magoti yakavimba. Watu wakasema ametegwa na wapinzani wa timu ile nyingine, akachuliwa dawa za mizizi, magoti yakapona, akacheza tena msimu mzima. Mtu angewezaje kuhusisha kooni na magotini, na magotini na kifuani, miaka miwili mbalimbali?

Tulimpa vidonge vya kupunguza maji mwilini, tukamwanzishia sindano, akapelekwa Bombo, Tanga, na kutoka huko Dar es Salaam. Zamani wagonjwa wa namna hii walisubiri nafasi ya kupelekwa India, na wengi walikufa wakisubiri. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale pale. Kijana alifunguliwa kifua akawekewa vali ya chuma. Baba yake aliuza ng'ombe kwa ajili ya nauli, chakula na malazi ya miezi kadhaa ya kwenda na kurudi. Kijana yu hai mpaka leo, ni fundi cherehani. Kila jioni humeza dawa ya kuzuia damu isigande kwenye ile chuma, na kila baada ya muda lazima apimwe damu, maana dawa ikizidi atatokwa damu na ikipungua atapata kiharusi. Kipimo hicho hukifuata mbali. Aliniambia kwamba usiku kukiwa kimya anaisikia vali yake ikigonga kama saa ya mkononi. Mpira hachezi.

Nasi tunaozungumza habari za huyu tunamzungumza aliyepata. Wako wasichana wengi ambao moyo wao uliharibika hivyo hivyo bila wao kujua, na siku ya kujua ni ile wanapobeba mimba na moyo ukashindwa kubeba damu ya watu wawili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kiasi cha milioni 55 wana ugonjwa huu wa moyo, na kwamba kila mwaka unaua watu kiasi cha 360,000, karibu wote katika nchi za watu maskini. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio juu yake. Katika nchi tajiri umekuwa wa kihistoria, na si kwa sababu koo zao ni tofauti na zetu. Walipata nyumba zenye nafasi, na walipata penisilini.

Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming, London, mwaka 1928, na ilianza kutumika kwa watu wengi wakati wa vita vikuu vya pili. Mara baada ya vita, madaktari wa Marekani walikuwa na tatizo katika kambi moja ya jeshi la anga, kambi ya Warren, Wyoming. Vijana walilala wengi katika mabweni, koo likaambukizana, na homa ya baridi yabisi ikawafuata. Ninyi wa mabweni sikilizeni vizuri. Madaktari waligawa wagonjwa wa koo katika makundi mawili, kila kundi karibu watu 800. Kundi moja lilipewa sindano za penisilini, jingine halikupewa. Katika waliopewa, 2 walipata homa ya baridi yabisi. Katika wasiopewa walipata 17. Matokeo yalitolewa mwaka 1950, na tangu siku hiyo hakuna tabibu mwenye udhuru wa kusema hakujua. (Kama ilikuwa haki kuwanyima wale wengine ni swali jingine, siku hizi kamati ya maadili isingekubali.)

Jambo la ajabu, ambalo mimi hulishangaa kila nikilifikiria, ni kwamba mpaka leo streptokoka wa kundi A ameshindwa kuizoea penisilini. Bakteria wengine wamejifunza kuikwepa dawa hii na nyingine nyingi, lakini huyu, baada ya miaka 80, bado anakufa kwa dawa ile ile ya zamani. Kwa hiyo hatuhitaji dawa mpya ya bei kubwa. Tunahitaji ile ya kwanza, itumike sawasawa.

Kutumika sawasawa ni hivi. Kwa vidonge, ni penisilini V, milligramu 500 mara mbili au tatu kwa siku kwa kijana mkubwa au mtu mzima, kwa siku 10. Amoksilini nayo inafaa, kwa siku 10 vile vile. Siku ya tatu koo litakuwa limepoa na vidonge vitaanza kuonekana vya kazi bure, na hapo ndipo watu wanapoacha, au wanapomgawia ndugu vilivyobaki. Siku 7 zinazofuata si za koo, ni za moyo. Ni za kuwafagia wale streptokoka waliojificha ili jeshi lisiendelee kuchochewa. Anayejijua kwamba hataweza siku 10 aombe sindano moja ya benzathine penisilini, inayokaa katika msuli na kutoka polepole kwa wiki kadhaa. Mwenye uzito wa kilo 27 au zaidi hupewa yuniti 1,200,000, aliye chini ya hapo 600,000. Inauma, sitawadanganya, na mguu utakuwa mzito siku mbili. Wanaodhurika na penisilini, yaani waliowahi kuvimba uso, kutokwa vipele au kubanwa pumzi baada ya kuipata, waseme kabla ya kuchomwa. Kwao zipo dawa nyingine kama erithromaisini. Na baada ya sindano kila mtu akae pale zahanati nusu saa, asikimbilie basi.

Dawa mbili ambazo watu hupenda kuzinunua kwa ajili ya koo, tetrasaiklini na kotrimoksazoli, ile wengi wanayoiita Septrin, hazifai kwa streptokoka wa kooni. Zaweza kumfanya mtu aone nafuu, lakini hazimwondoi kijidudu. Hali kadhalika aspirini asipewe mtoto.

Kuhusu muda, penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo kuanza kuuma bado inaukinga moyo. Siku tisa. Ni muda wa kutosha kwenda Handeni na kurudi hata kwa miguu. Si muda wa kutosha kwa chai ya tangawizi wiki moja na kimeo wiki ya pili.

Na kwa yule ambaye amekwisha kupata homa ya baridi yabisi, mlango haukufungwa. Huyo huchomwa benzathine kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili koo jipya lisipate nafasi. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha faida yake. Katika wilaya ya Gulu na sehemu za jirani walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wakawaingiza katika uchunguzi 818 ambao milango ya moyo ilikuwa imeanza kuharibika bila wao kujisikia lolote. Nusu walipewa sindano kila mwezi, nusu hawakupewa. Baada ya miaka miwili, katika waliochomwa 3 tu ndio walioonekana kuzidiwa, na katika wasiochomwa 33. Habari hizo zilitolewa mwaka 2021. Mimi nazihesabu kati ya habari njema zilizotoka Afrika Mashariki katika utabibu kwa miaka ya karibuni, na sioni sababu watoto wa Kang'ata na Korogwe wasipimwe siku moja namna hiyo.

Yapo mengine yanayoletwa na streptokoka, nitayapitia haraka. Jipu nyuma ya findo: mtu hawezi kufungua kinywa, sauti inakuwa kama ana kiazi cha moto mdomoni, mate yanamtoka. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Figo: wiki moja hadi tatu baadaye uso unavimba asubuhi na mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi. Naye apelekwe. Na liko dondakoo, ambalo si la streptokoka bali la bakteria mwingine, linaloweka utando wa kijivu kooni mpaka mtoto akakosa hewa. Vijana hamlijui kwa sababu ya chanjo, ambayo mpango wake wa taifa ulianza mwaka 1975. Halijafa. Nigeria lililipuka mwaka 2022 na 2023 pale chanjo ilipolegea. Basi wenye watoto nyumbani, kadi ya kliniki isiwe pambo la sandukuni.

Sasa niseme na wa mabweni. Streptokoka husafiri kwa matone ya mate: kwa kukohoa, kwa kuzungumza karibu, kwa kikombe kimoja cha uji kinachozunguka watu sita. Tangu kuambukizwa mpaka koo kuuma ni siku mbili hadi tano. Mgonjwa akianza dawa, baada ya siku moja haambukizi tena, kwa hiyo hakuna haja ya kumrudisha kwao wiki mbili akakosa masomo. Kila mtu awe na kikombe chake. Vitanda visibanane, ikiwa nafasi ni ndogo, walaleni kichwa kimoja huku na cha jirani kule. Viranja wa afya waandike ni nani ameugua koo na lini. Wakipatikana watatu katika bweni moja ndani ya wiki moja, mwalimu wa zamu aarifiwe. Na ninyi mnaocheka wenzenu wanaokwenda zahanati kwa koo, acheni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hajifichi kwa kupenda, anafichwa na vicheko vyenu.

Wanafunzi wenzangu wa zamani wamekuwa wakiniuliza tangu asubuhi tuisaidie shule kwa kitu gani. Wengine wametaja jezi, wengine rangi ya ukumbi. Sina ugomvi na jezi. Ila mimi naomba tununue tochi mbili nzuri, vijiti vya kukandamiza ulimi, kipimajoto, na vikombe vya plastiki vya kutosha kila mwanafunzi, na tuzungumze na zahanati ili benzathine isikosekane. Dawa hii ni ya bei ndogo, na labda kwa sababu hiyo hiyo imewahi kuadimika duniani. Wenye viwanda hawapati faida kubwa kwayo. Mweka hazina wetu nimekwisha kumpa mchango wangu, naye anayo karatasi ya kuandikisha majina.

Nimekuja na tochi yangu. Baada ya chakula nitaketi chini ya ule mwembe karibu na stoo, na kila mwenye koo linalouma aje nimtazame, mwanafunzi wa sasa au wa zamani, bila kuandika barua ya ruhusa. Ila msukutue kwanza. Punje za wali zikikaa juu ya findo hufanana sana na usaha, nami sipendi kumwandikia mtu sindano kwa sababu ya wali.